Ridhaa ya Bi Badria

Bwana afya wa kata, kijana aitwaye Allan, aliomba ndoo ya maji. Akakunja pindo za suruali yake, akasimama katikati ya uwanja na kuimwaga ndoo nzima kwa mkupuo juu ya zege jipya. Tarsis na mkewe Severa walisimama pembeni roho juu, wakiyafuata yale maji kwa macho. Maji yalitambaa, yakasita kidogo penye rundo la maboksi, kisha yakateremkia kwenye mtaro na kuzama kwenye karo la maji machafu. Hata tone moja halikuelekea kwenye ukuta wa jirani.

“Hapo sawa,” alisema Allan huku akiandika. “Sakafu ipo, mtaro upo, paa lipo, uzio upo, choo cha wafanyakazi kipo. Mzee Tarsis, umejitahidi.”

Tarsis alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Severa hakutabasamu, maana alikuwa amezoea kwamba mtu wa serikali akianza na sifa, neno lenyewe bado liko nyuma.

Uwanja huo ulikuwa nyuma ya maduka ya Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, kwenye kiwanja cha mtu aliyekuwa bado anajipanga kujenga ghorofa. Vijana wa Tarsis walizunguka madukani na maguta yao, baiskeli za mizigo za matairi matatu, wakazoa maboksi, chupa, maganda na kila kinachotupwa na watu wanaonunua na kuuza tangu alfajiri. Maboksi na chupa vilitengwa vikauzwa. Kilichobaki kilisubiri lori la kwenda dampo. Kazi hiyo Tarsis aliifanya kwa miaka bila kuulizwa na mtu, mpaka manispaa ilipotangaza kwamba kila mahali panapokusanywa taka lazima pawe na kibali, na pasipo na kibali patafungwa. Lilikuwa jambo la haki kabisa, ukilitazama ukiwa unaishi jirani na taka. Ukilitazama ukiwa unakula kutokana na taka, lilikuwa linakosesha usingizi.

“Sasa kimebaki kitu kimoja tu,” Allan aliendelea. “Ridhaa ya majirani mnaopakana. Jumamosi asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Wenye ghala la vitenge wameshaniambia hawana neno. Wa nyuma naye hana neno. Bado mama wa nyumba hii.” Akaelekeza kalamu kwenye ukuta uliochakaa, ambao nyuma yake kilionekana kipande cha paa la bati lenye kutu.

Kijana mmoja aliyekuwa akikanyaga chupa alipunguza kishindo.

“Na asipokuja?” Severa aliuliza.

“Taarifa ameshapewa. Asiyefika tunahesabu hana pingamizi. Lakini akifika na akapinga, mama, mimi hapo sina ujanja. Sheria ni sheria, nafunga.”

Alipokwisha kuondoka, Severa aliiokota ndoo pale chini, akaitazama kama iliyomkosea.

“Umesikia lakini?” alimwambia mumewe. “Umemwaga zege, umejenga choo, akiba yangu yote ya vikoba imeishia kwenye mabati. Na bado tuko mikononi mwa Bi Badria.”

“Nitaenda kuongea naye.”

“Unasema hivyo tangu masika.”

Ni kweli alikuwa anasema hivyo tangu masika.

Wakati wa mvua zile, njia ya dampo ilikuwa haipitiki na lori lilikaa siku kadhaa bila kuja. Taka zikalundikana, mvua ikazinyeshea, na maji meusi yakapita chini ya ukuta kuingia uani kwa Bi Badria. Yaliingia siku ya arobaini ya mumewe. Majamvi yalikuwa yameshatandikwa, masufuria ya pilau yakiwa jikoni, wageni wanasoma hitima. Watu wakainuka wameshika viatu kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine, kila mmoja akitafuta pa kukimbilia. Bi Badria peke yake hakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa alikuwa ndani ya eda, na mjane aliye eda hatoki nyumbani kwake kwa sababu ya harufu. Aliketi nayo. Alipopaza sauti kwa upande wa pili wa ukuta, akimwita Tarsis kwa jina wanaloitwa Wachaga wote mjini, “Mangi, jamani, maji yako!”, Tarsis, aliyekuwa ameloa chapachapa na chepe mkononi, amemaliza siku nzima kumpigia dereva simu isiyopokelewa, alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

“Kwani mvua nimeileta mimi?”

Neno hilo lilimtoka mara moja tu. Lakini tangu siku hiyo Bi Badria hakumsalimia tena, wala yeye hakwenda kusema lolote. Kabla ya hapo watu wa nyumba ile na wa uwanja ule walikuwa wakipeana vyakula. Tarsis na Severa walipanga chumba Buguruni, lakini mchana kutwa waliishi hapo uwanjani, Severa akiwapikia vijana, na wakati wa Ramadhani Bi Badria hakuacha kuwapitishia futari. Bakuli lake la mwisho, la udongo mweupe lenye maua ya bluu, lilikuwa bado kwa Severa. Lilikuwa limekaa rafuni limefunikwa na kitambaa, kwa sababu bakuli la jirani halirudishwi tupu, na Severa hakujua ni chakula gani kinachofaa kurudishwa baada ya jambo kama lile.

Tatizo la Tarsis lilikuwa mdomo. Alikuwa mtu mwema, asiyedhulumu kijana wake hata mmoja, ila neno “nisamehe” lilikuwa halimtoki. Hata kwa mkewe hakuwahi kulitamka. Kila alipomkosea alirudi nyumbani na nyama, akaiweka mezani na kukohoa, na Severa akajua kwamba ameombwa radhi. Miaka yote ile ya ndoa Severa alikuwa ameipokea nyama hiyo. Pengine hilo nalo lilikuwa kosa.

*

Kwao Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mtu aliyekosa ana njia yake. Huchukua jani la isale, ule mmea mrefu wa kijani unaopandwa mipakani na makaburini, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Isale likishafika hakuna maneno mengi. Aliyeletewa, hata kama moyo wake unachemka, hawezi kulikataa, na atakayelikataa watu humwogopa. Tarsis aliwahi kuona mashamba yaliyogombewa mpaka ndugu wakashikiana mapanga yakisuluhishwa kwa jani hilo. Akiwa anahangaika na Jumamosi yake, ndilo lililomjia kichwani, na akashangaa kwa nini hakulifikiria mapema.

Jumanne alikwenda kwa wauza maua wa kando ya barabara. Muuzaji hakujua isale ni nini. Alipoonyeshwa kwa kidole alisema, “Ahaa, huu wa ofisini! Huu unakaa hata kwenye kiyoyozi, mzee.” Tarsis akasema anataka jani moja tu. Muuzaji akamtazama juu mpaka chini, kuanzia kofia mpaka viatu vyenye matope ya taka, akasema yeye hauzi majani, anauza miti na vyungu vyake. Ikabidi Tarsis anunue mti na chungu. Alivificha nyuma ya choo cha wafanyakazi.

Lakini isale halipelekwi na mkosaji mwenyewe. Linapelekwa na mtu wa heshima, mwenye kauli, anayejua kusema, “Fulani amekukosea, amenituma, jani lake hili hapa.” Tarsis alipitisha kichwani watu wote wa kwao waliokuwa na maduka Kariakoo. Angemtuma Kasmir wa vifaa vya ujenzi, basi mpaka saa sita mchana kila duka la Mchaga kuanzia Msimbazi lingekuwa linajua kwamba Tarsis wa taka anampigia magoti mjane. Aibu ikamshika. Jumatano alfajiri, kabla vijana hawajafika, akakata jani, akalifunga fundo kama alivyoona baba yake akifunga, akazunguka mbele ya nyumba ya Bi Badria na kulitundika kwenye kitasa cha mlango.

Kisha akarudi uwanjani moyo mwepesi. Alipiga mluzi asubuhi nzima. Severa alimuuliza kulikoni, akajibu kuwa mambo yatakuwa mazuri.

*

Sitara, binti wa Bi Badria, alikuwa ameolewa Kigamboni. Alhamisi alionekana akishuka kwenye bajaji na mifuko mitupu mikubwa, ile ya kuhamia. Severa alikutana naye kwenye duka la kona alikokwenda kununua chumvi. Wawili hao hawakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa ukuta, na wao walisalimiana barabarani.

“Mama Jovitha, mambo?” Sitara alimsalimia Severa kwa jina la mwanawe.

“Poa, dada. Za Kigamboni? Mbona mizigo?”

Sitara alitazama nyuma kwanza. “Nimekuja kumchukua mama. Anahama.”

“Anahama? Nyumba yake mwenyewe?”

“We acha tu. Kuna mtu kamwekea mama kitu mlangoni.”

“Kitu gani?”

“Jani. Limefungwa fundo.” Aliteremsha sauti. “Mama ndiye aliyelikuta, anafungua mlango apate upepo baada ya sala. Kapiga kelele mpaka msikitini wamesikia. Tangu jana hali, halali, anasoma Kul-audhu za kujikinga tu. Unajua mambo ya mafundo, Mama Jovitha. Mtu anafungwa hivi hivi.”

Severa alitaka kusema jambo la kumfariji, ila Sitara alikuwa ameshatoa simu. Picha ilikuwa na ukungu. Hata hivyo Severa alilitambua jani kabla macho hayajatulia. Kariakoo nzima, ni nani mwingine angefunga isale namna ile?

“Mnamshuku mtu?” aliuliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia iko mbali.

“Kushuku nini, tunamjua. Mjomba Abdulkadiri. Jumanne kaja na dalali, kapima nyumba kwa hatua, anamwambia mama auze, wajenge ghorofa. Mama kamfukuza. Kesho yake alfajiri, fundo mlangoni. Ndugu yake wa tumbo moja, Mama Jovitha! Mama kasema hata akifa yeye, Abdulkadiri asimbebe jeneza.”

“Na… mnaondoka lini?”

“Jumamosi asubuhi, mapema. Tukishavuka kivuko cha Magogoni, basi. Hataki kukanyaga tena hapa.”

Severa alisahau chumvi kaunta.

*

“Wewe ndiye uliyelitundika?” alimuuliza mumewe nyuma ya choo, ambako aliukuta mti kwenye chungu, jani moja limekatwa. Ushahidi ulikuwa umesimama wima unamtazama.

“Nimemwomba radhi,” alijibu Tarsis kwa fahari kidogo.

“Umemroga.”

Alimsimulia yote. Tarsis aliketi juu ya rundo la maboksi. Rangi ya uso ilimbadilika kadiri Severa alivyoendelea, na alipofika kwenye habari za Abdulkadiri alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Nitaenda kumwambia,” alisema. “Sasa hivi.”

“Kaa chini.”

“Severa—”

“Kaa chini kwanza, baba Jovitha. Nisikilize.” Severa alichungulia kwamba hakuna kijana aliye karibu. Aliyokuwa anataka kuyasema hayakumpendeza hata yeye. “Jumamosi anaondoka. Asubuhi. Mkutano ni Jumamosi. Allan alisema nini? Asiyefika hana pingamizi.”

Walitazamana.

“Sisi hatujamfanyia ubaya,” Severa aliendelea haraka haraka. “Wewe ulikwenda kuomba msamaha. Mungu anajua. Tukishapata kibali, wiki ijayo mimi mwenyewe navuka hadi Kigamboni, namweleza taratibu, tutacheka. Lakini ukienda leo, utasema nini? Eti lile jani ni langu? Atakuamini? Atasema Mangi mchawi, na Jumamosi atakuja na mtaa mzima. Vijana hawa saba wataenda wapi? Jovitha aache chuo?”

“Na ndugu yake?”

“Ndugu watapatana. Ndugu siku zote hupatana.”

Tarsis alirudi kazini. Siku hiyo na Ijumaa kila alipopewa ugali aliukatakata bila kula. Lori lilipokuja alikosea kuhesabu viroba, jambo ambalo halijawahi kutokea. Severa aliuona mti wa isale umehamishwa, umewekwa juani, umemwagiwa maji. Akaona mumewe anaupita kwa mbali.

Ijumaa jioni, wakifunga geti, Abdulkadiri alikuwa amesimama barabarani mbele ya nyumba ya dada yake. Alikuwa mzee mwenye kanzu safi na bakora, na alikuwa anaongea na mlango uliofungwa.

“Badria, mie nakula kiapo. Toa msahafu nishike. Ntakufanyia hivyo mie? Mie?”

Mlango haukufunguka. Wapita njia walipunguza mwendo ili wasikie vizuri, kama ilivyo kawaida ya watu wasio na haraka na aibu za wengine. Mzee aligeuka, akawaona Tarsis na Severa, akawasalimia kwa kuinua bakora kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Severa alijifanya anatafuta funguo mkobani.

Walipofika chumbani kwao Buguruni, Tarsis alisema, “Isale linapatanisha. Mimi nimegombanisha nalo. Kwetu hakuna aliyewahi kufanya kitu hicho akabaki salama.”

“Unaogopa jani?”

“Ndiyo,” alisema Tarsis. “Naogopa.”

Severa alitaka kumcheka, akakuta na yeye anaogopa. Hakuogopa jani. Aliogopa yale macho ya mzee.

*

Jumamosi asubuhi bajaji ilikuwa mlangoni kwa Bi Badria, imepakiwa mifuko, ndoo, na redio iliyofungwa na kanga. Abdulkadiri alikuwa ng’ambo ya barabara, hathubutu kusogea. Bi Badria alitoka akiwa amejifunga mtandio mweusi, mwili umemwisha kwa siku chache, Sitara amemshika mkono. Tarsis alikuja akipita katikati ya barabara, amevaa shati lake la kanisani kwa ajili ya ofisi ya mtaa. Severa alimfuata nyuma. Hakujaribu tena kumzuia, na hakumsukuma.

“Shikamoo, mama.”

Bi Badria alimtazama. Tangu masika hakuwa ameitikia shikamoo yake. “Marahaba,” alisema kwa uchovu. “Una nini, Mangi? Ninaondoka, baki na takataka zako kwa raha.”

“Mama, lile jani ni la kwangu.”

Sitara aliachia mkono wa mama yake. Dereva wa bajaji alizima injini ili asikie.

“Nimeliweka mimi. Siyo mzee Abdulkadiri. Siyo uchawi, mama, haki ya Mungu. Kwetu mtu akikosa anapeleka jani hilo. Ndiyo… ndiyo kuomba.”

“Kuomba nini?”

Watu walikuwa wameshaanza kujaa: wabeba mizigo, muuza kahawa, wasichana wa duka la vitenge.

“Mshenzi wewe!” Abdulkadiri alivuka barabara bakora juu. “Siku tatu mie natukanwa! Siku tatu dada yangu hataki kuniona uso! Kumbe wewe, mzoa taka, unafunga watu mafundo!”

“Kaka, ngoja,” alisema Bi Badria. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu Jumanne, na mzee alisimama pale pale, bakora ikashuka yenyewe. “Sitara, lilete.”

Jani lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo, kopo limefunikwa na kuwekwa mbali na nyumba, pembeni ya ngazi. Lilikuwa limeanza kukauka. Bi Badria hakuligusa.

“Umefunga wewe. Fungua wewe.”

Ndipo Tarsis, mbele ya mtaa uliomjua kwa miaka, alipoinama juu ya kopo la rangi na kuanza kufungua fundo alilolifunga mwenyewe. Vidole vyake vinene viliteleza. Jani lilikuwa limekakamaa na fundo lilikataa. Msichana mmoja alicheka. Mwingine alikuwa ameinua simu anarekodi. Severa aliona shingo ya mumewe imelowa jasho, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuumia kwa ajili ya mabati wala vikoba. Hatimaye jani lilikatika vipande viwili, fundo likafunguka.

“Haya. Sasa sema mwenyewe,” alisema Bi Badria. “Mie sijui lugha ya majani. Nina masikio.”

Severa, ambaye alijua kuliko wote kilichokuwa kinaombwa, aliona taya la mumewe linafunguka na kufungika.

“Nisamehe, mama,” alisema Tarsis. Sauti ilitoka nyembamba. “Kwa maji yale. Na kwa neno lile. Ulikuwa kwenye eda. Nilijua uko kwenye eda. Nisamehe.”

Bi Badria alikaa kwenye ngazi yake. Alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio. Alimwita kaka yake kwa mkono, Abdulkadiri akaja akaketi karibu naye, na wazee wale wawili walikaa wakitazama mizigo kwenye bajaji kama ya watu wengine.

“Nimekusamehe, Mangi,” alisema. “Mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Sina kinyongo. Na hilo la mtu uliyemsingizia kwa kunyamaza, mwombe mwenyewe.”

Tarsis alimwomba Abdulkadiri. Mara ya pili neno lilitoka kwa urahisi zaidi. Mzee alinung’unika, akasema yamekwisha.

Severa alishusha pumzi. Aliona sasa njia imefunguka, akajilaumu kwa hila yake ya Alhamisi. Alikuwa anajiuliza bakuli alijaze machalari, zile ndizi na nyama za Kichaga, au pilau, pale Bi Badria aliposimama na kumwambia dereva ashushe mizigo.

“Sitara,” alisema, “ofisi ya mtaa wanakaa saa ngapi?”

*

Chumba cha serikali ya mtaa kilikuwa na benchi nne na feni lisilozunguka. Mwenyekiti, Mzee Ramadhan, alifungua kikao. Allan alisoma masharti moja baada ya jingine, na baada ya kila sharti alisema, “Limetimizwa.” Mwenye ghala alisema hana neno. Wa nyuma alisema hana neno. Tarsis alikuwa ameketi mikono kwenye magoti, vidole bado vina rangi ya kijani ya lile jani.

“Bi Badria,” alisema mwenyekiti, “tunakusikiliza.”

Alisimama taratibu.

“Mangi na mie hatuna ugomvi. Tulikuwa nao, leo asubuhi umekwisha, mashahidi mko hapa. Ni mtu mwema. Mkewe mwema. Vijana wake wananisalimia.” Severa alifumba macho. “Lakini mmeniita hapa kuniuliza habari za taka, hamkuniita kuniuliza habari za Mangi. Mie nyumba ile nimezaliwa. Nzi wanakaa kwenye chakula changu. Nikifunga dirisha nakosa hewa, nikifungua nakosa hamu ya kula. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, nikaona nikisema watu watasema ni kisasi. Sasa sina hasira. Kwa hiyo nasema. Sitaki.”

“Mtaro umechimbwa, mama,” Allan alimwambia kwa upole. “Sakafu imewekwa. Maji hayatakuja tena.”

“Nimesikia, mwanangu. Harufu nayo mmeichimbia mtaro?”

Allan alitazama karatasi zake, akamtazama Tarsis kama mtu anayeomba asaidiwe. Ikaandikwa. Uwanja ungefungwa ifikapo mwisho wa mwezi, taka zote ziondolewe, pasafishwe, afisa aje akague.

*

Walirudi uwanjani bila kuongozana. Vijana waliona nyuso, hawakuuliza. Mmoja alivua glovu akazining’iniza msumarini, kisha akazivaa tena, maana lori lilikuwa halijaja na kazi ilikuwapo.

“Kwetu,” alisema Tarsis, “ukishapokea isale huwezi kukataa.”

“Hakukataa,” alisema Severa. “Amekusamehe. Wewe uliliambia jani liombe nini kingine?”

Alilisema bila ukali. Tarsis akaenda kumsaidia kijana kupanga viroba.

Siku ya kufunga, viroba vya mwisho vilipopakiwa, Severa alipika machalari, akalitoa bakuli la maua ya bluu kwenye kitambaa chake, akalijaza mpaka juu na kulipeleka. Bi Badria alilipokea kwa mikono miwili mlangoni. Alilitazama sana.

“Nilidhani limevunjika,” alisema.

“Hapana, mama. Nilikuwa nalo.”

“Mwenzangu, nikwambie ukweli.” Bi Badria aliliegemeza bakuli kifuani. “Siku ile ile ya mvua, mumeo angegonga hapa akasema hilo neno moja, na maji yakiwa bado yanaingia, mie nisingekwenda huko ofisini. Ningevumilia hata nzi. Jirani aliyekuja kwako siku ya msiba wako unamfukuzaje?”

Severa alishukuru, akaaga.

Uwanjani Tarsis alikuwa peke yake, amevua viatu, anaosha zege kwa ajili ya ukaguzi. Alimwaga ndoo, akasugua kwa ufagio wa chelewa, akamwaga nyingine. Severa alisimama getini, akaamua kwamba hatamwambia aliyoambiwa, leo wala kesho. Maji yaliteremka vizuri kabisa, yakaingia mtaroni, yakazama kwenye karo, na chini ya ukuta wa Bi Badria ardhi ilibaki kavu.